Magauni meupe, tope jeusi: safari ya Krismasi kwenda Rungwe

Jumamosi, 20 Desemba. Dar es Salaam hadi Iringa

Basi limetoka Mbezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na buti lilifungwa kwa kusukumwa na vijana wanne. Watu wamezoea kusema Desemba ni mwezi wa Wachaga kwenda kwao. Waje Mbezi siku kama ya leo waone mabasi ya Mbeya. Jirani yangu wa kiti amepakata boksi la mti wa plastiki njia nzima, hakukubali kondakta aliweke chini.

Mimi mzigo wangu ni kitenge, yadi 24, chekundu chenye majani ya kijani. Nauza vitambaa Kariakoo, na kwetu kuanzia katikati ya Novemba mteja haulizi bei kwanza, anauliza rangi. Baba, mama na watoto wanataka nyekundu ya kufanana. Kikundi cha akina mama wa mtaa kinataka kijani. Nimeshazoea hivyo kiasi kwamba mama aliponipigia simu akaniambia, "Njoo na kitambaa cha watoto cha sikukuu," sikumuuliza kitambaa gani. Nilikata kile kinachotoka kuliko vyote.

Nje ya dirisha rangi zilikuwa hizo hizo. Kuanzia Kibaha mpaka Morogoro mikrismasi imechanua, mingine imekuwa miekundu juu hadi chini, na maua yaliyoanguka yametandaza ardhi yote chini yake. Asili ya mti huu ni Madagaska, na wataalamu wana jina lao kwa ajili yake, lakini mtoto wa Dar anauita mkrismasi kwa sababu unawaka mwezi huu. Nyuzilandi nako kuna mti wa pwani uitwao pohutukawa, unatoa maua mekundu Desemba, na watu wa kule nao wanauita mti wa Krismasi. Desemba kwao ni majira ya joto, kama Pwani kwetu. Nalipenda sana jambo hili. Watu wa bahari mbili tofauti, wasiojuana, wametazama mti mwekundu nje ya nyumba zao wakaupa jina lile lile, na hakuna aliyengoja theluji ndipo ajue kwamba sikukuu imefika.

Ruaha Mbuyuni nimenunua vitunguu, kama kila abiria. Kwenye mlima wa Kitonga basi lilinyamaza, hata watoto, tukawa tunasikia gia tu. Tulipomaliza kupanda, hewa ilikuwa nyingine kabisa. Iringa nimeshuka na sweta mkononi, kabla sijavuka barabara nimelivaa.

Jumapili, 21 Desemba. Iringa

Nimelala kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, Kihesa. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mmoraviani, na tangu shule ya sekondari tunatembeleana makanisani bila shida. Asubuhi nimekwenda naye misa ya Dominika ya nne ya Majilio.

Jicho langu ni la muuza vitambaa, kwa hiyo nilianza na padri. Zambarau yake ilikuwa nzito, isiyong'aa, rangi ya mtu anayengoja jambo. Mbele ya altare lilikuwa taji la majani lenye mishumaa minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa pinki. Leo yote imewashwa. Binti wa rafiki yangu akaninong'oneza kwamba wa pinki ni wa Jumapili iliyopita, Dominika ya Furaha, siku ambayo hata padri huweza kuvaa pinki. Pinki ile si ya gauni la harusi. Ni kama zambarau iliyoanza kulegeza uso.

Tulipotoka nikamwambia rafiki yangu kwamba taji lile lilianzia kwa Walutheri: mchungaji Johann Hinrich Wichern, Hamburg, mwaka 1839. Alikuwa analea watoto maskini, na watoto hao walimchosha kwa kumuuliza Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Rafiki yangu alicheka sana. Akasema basi na mimi niende nikaone pango, maana hilo ni la kwao hasa: Mtakatifu Fransisko wa Assisi ndiye aliyeandaa pango la Noeli kule Greccio mwaka 1223, na wanyama hai.

Pango la parokia yao lilikuwa bado linajengwa. Vijana walikuwa wameezeka kwa nyasi, pembeni wamesimamisha migomba miwili mizima. Kilichonishika ni wale wachungaji wa kondoo. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti anawavalisha sanamu vipande vya kitambaa cheusi, anafunga fundo juu ya bega la kulia, anaachia bega lingine wazi. Ni mgolole, vazi la wazee wa Kihehe. Hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Kila fundo alilirudia mpaka likae kama linavyokaa kwa mzee. Nikamuuliza kwa nini mgolole. "Sasa mchunga ng'ombe wa hapa na baridi hii ya usiku avae nini, dada?"

Hapa wanasema Noeli, kwetu tunasema Krismasi. Tumeagana kwa zote mbili.

Jumatatu, 22 Desemba. Iringa hadi Mbeya

Safari ya leo haina mengi. Mafinga mipaini ya Sao Hill imesimama mstari kwa mstari hadi macho yanachoka. Makambako upepo, kama siku zote. Baada ya Igawa joto kidogo, mashamba ya mpunga upande wa Usangu yamejaa maji, kisha Uyole na manyunyu.

Siku hizi mbili ndizo zenye mchana mrefu kuliko zote huku kusini mwa ikweta. Mbeya mchana unazidi usiku kwa saa moja na kidogo tu, na leo jua lenyewe sijaliona, mlima Loleza umefunikwa na ukungu tangu nifike. Bado ni majira yetu ya mwanga. Shangazi ana lile ua la majani mekundu linalochorwa kwenye kadi za Krismasi, poinsettia, limeota uani kwake, kubwa kuliko mlango. Ni la kijani tupu. Linangoja usiku uwe mrefu ndipo ligeuke, na huku usiku mrefu ni wa Juni. Ulaya usiku mrefu ni wa Desemba, ndiyo maana kwenye kadi ni jekundu. Shangazi anasema kila mwaka linampa Krismasi yake mwezi wa sita, saba, wakati wa baridi kali, na yeye huliangalia akafurahi.

Jumanne, 23 Desemba. Mbeya hadi nyumbani

Asubuhi Mwanjelwa. Vioo vya maduka vimebandikwa pamba kama theluji. Mtoto mmoja alikuwa akiinyofoa kidogo kidogo na kuitia mfukoni, mama yake yuko kwenye bei ya viatu. Sioni ubaya wa pamba ile. Mwenye duka ameipanga kwa mikono yake, apendeze kwa mgeni. Ila nimetamani aongeze na maua ya huku, maana Kitulo, ile nyanda inayoitwa Bustani ya Mungu, huanza kuchanua mvua za Desemba zikikolea, na haiko mbali na hapa.

Gari la Tukuyu lilijaa upesi. Baada ya Kiwira kila kitu ni kijani: chai, migomba, parachichi, nyasi hadi kwenye kingo za lami. Mlima Rungwe, mita 2,960, haukuonekana. Tukuyu mvua yake kwa mwaka inapita milimita 2,000, na Desemba haioni haya.

Nyumbani: "Ndaga!" za uani, kukumbatiana, chai. Kisha nikafungua mzigo. Mama alikishika kitenge kwa vidole viwili, akakigeuza upande wa nyuma kama nilivyomzoea, akakinusa.

"Kizuri. Rangi imeingia pande zote."

"Ahsante, mama."

"Lakini mwanangu, Krismasi ni nyeupe."

Nikabaki nimeshika ncha ya kitambaa. Akaniambia taratibu, bila kunilaumu, kwamba nyekundu ina siku zake, Pentekoste na siku za mashahidi, na mtoto akienda kumwona Bwana aliyezaliwa anakwenda na nyeupe. Alivaa hivyo yeye, alivaa hivyo bibi. Nikakumbuka kwamba na mimi nilivaa hivyo. Miaka yote ya Kariakoo ilikuwa imenisahaulisha gauni langu mwenyewe.

"Nyeupe kwa tope hili, mama?"

"Ndiyo. Kwa tope hili."

Nyumbani kuna wasichana watano, wa kaka na wa dada zangu, mkubwa miaka 11, mdogo miaka 4. Wavulana wana mashati yao tayari. Nikapanda bodaboda kurudi Tukuyu mjini, nikapata tetroni nyeupe yadi 8. Nilihitaji 10. Duka la pili hawana, la tatu wanayo ya krimu. Nikaenda na 8 kwa fundi wa mama.

Fundi alinionyesha kwa kidevu tu. Nguo zilizokatwa lakini hazijashonwa zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa kiuno. Kila mzazi wa bonde lile aliambiwa "kesho". Sikumkasirikia, macho yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza kama najua kushona. Nikamwambia nilifundishwa na mama kabla sijaanza darasa la tano. "Basi dada, cherehani ya pili iko wazi, kijana wangu kaenda kwao. Kaa."

Nikakaa. Tulipokata, kitambaa kilipungua kama nilivyojua. Fundi ndiye aliyetoa njia: tupunguze upana wa marinda, na mishipi ya kiunoni tuikate kwenye kitenge changu, mipana, ifungwe fundo kubwa nyuma. Nikalowesha kipande cha kitenge, nikakikandamiza kwenye tetroni. Kikaacha alama ya pinki. Kidogo, lakini ipo. Kwa hiyo mishipi hatukuishona kwenye gauni. Tuliweka vitanzi viwili ubavuni, mshipi upite, uweze kutoka.

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Duka la jirani lenye cherehani za umeme likanyamaza. Zetu ni za miguu, hazikujua lolote. Fundi akatundika tochi ya simu kwenye msumari, tukaendelea, mguu wake na mguu wangu, mvua juu ya bati. Mama wa mtoto mmoja alikuja na uji wa moto kwenye chupa ya chai, akatumiminia, akakaa nasi kimya akitushikia taa mpaka kaptula ya mwanawe ikamalizika.

Nimefika nyumbani saa sita na robo usiku. Magauni matano.

Jumatano, 24 Desemba. Nyumbani, na mkesha

Mama hakuridhika na weupe. Tetroni mpya ina ukijivu wake, anasema, wa ghalani. Alfajiri akachanganya maji na buluu, tone kwa tone, akichovya kidole na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ikizidi, nguo inakuwa ya samawati. Ikipungua, bure. Jua lilitoka saa tatu. Tukaanika mbio, kwa kuwa mchana mvua hurudi, na nguo nyeupe ikianikwa jikoni juu ya moto inakula moshi na haitoki.

Kisha pasi ya mkaa. Nataka kuiandika hii vizuri, kwa sababu nimeiona miaka yote na sijawahi kuiandika. Alijaza mkaa uliokwisha kuwaka, akaupepea nje kwanza ili majivu yaruke huko. Mtoto akaleta jani bichi la mgomba. Mama akaisugua pasi juu ya jani mara tatu, jani likalia, likatoa harufu tamu ya ubichi unaoungua, na uso wa pasi ukawa laini kama kioo. Akaweka tone la mate. Likaruka. Ndipo akagusa gauni. Kila baada ya upande mmoja alirudi kwenye jani. Magauni matano yalimchukua saa mbili, na hakuna chembe ya jivu iliyoanguka.

Jioni tukaenda mkesha kwa nguo za kawaida na makoti, maana nguo mpya ni za asubuhi.

Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na nyota waliyozoea kwao bado inatundikwa kanisani kwetu: nyota ya karatasi yenye pembe nyingi, taa ndani yake. Ilianzia kwenye shule ya Wamoraviani huko Niesky, Ujerumani, karne ya 19, wanafunzi wakijifunza maumbo. Ya kwetu pembe moja imekunjika tangu nikiwa mtoto, na hakuna anayetaka ibadilishwe.

Kwaya ikaimba, taa zikazimwa, watoto wakagawiwa mishumaa. Nilikuwa nimeketi nyuma na mama. Mshumaa mweupe, na kuuzunguka chini, karatasi nyekundu iliyokatwa katwa kama marinda, ya kuzuia nta isiunguze vidole. Nimeshika mshumaa kama huo nikiwa na miaka sita, na usiku huu nikaona kama nauona kwa mara ya kwanza. Mzee wa kanisa akawaeleza watoto: mwaka 1747, kwenye ibada ya watoto huko Marienborn, Ujerumani, Johannes von Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu. Mwanga ni Kristo, na wekundu ni upendo wake hadi damu.

Mama hakunitazama. Aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye mapaja yake, akaushikilia mpaka wimbo ukaisha.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Imenyesha tangu saa tisa usiku. Tope la kwetu ni jeusi, la volkano, zuri kwa migomba na baya kwa kila kitu kingine. Na njia nzima hadi kanisani, wanawake na watoto wamevaa meupe.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Marinda yanapandishwa na kukunjwa kiunoni, juu yake khanga ya zamani inafungwa. Miguu iko pekupeku au ndani ya mabuti ya mvua. Viatu vya sikukuu viko kwenye mfuko wa plastiki, na mwaka huu kwetu, mishipi mitano myekundu iko kwenye mfuko wa pili, isipate tone. Kila mtu mzima anamtangulia mtoto mmoja na kumwonyesha pa kukanyaga. Kwenye mteremko wa mwisho baba mmoja, suti imekunjwa mpaka magoti, alisimama katikati ya utelezi akawa nguzo: watoto wa watu wote walimshika mkono wakapita, na yeye hakutoka mpaka wa mwisho.

Nje ya kanisa kuna pipa la maji na vikopo. Unanawa miguu, unaifuta kwa khanga, unavaa viatu ukiwa umeegemea ukuta, unashusha marinda. Mama akawafunga wasichana mishipi mwenyewe. Alifunga wa mdogo mara tatu, fundo lilikuwa linaelekea kushoto. Aliporudi nyuma hatua mbili kuwatazama wote watano, alisema neno moja tu, "Sawa," nami najua anavyolisema neno hilo na ni mara ngapi kwa mwaka.

Ndani kulikuwa na weupe mtupu, vilemba, magauni, mashati, na mvua juu ya bati iliyomeza nusu ya mahubiri. Mchungaji akaacha kushindana nayo, akaita pambio, tukaimba mpaka ikapungua. Sadaka za mazao zikanadiwa baada ya ibada: mikungu ya ndizi, jogoo wawili, debe la maharage. Mkungu mmoja ulinunuliwa ukarudishwa ukanadiwa tena mara nne.

Chakula: ndizi mbalaga, kuku wa kienyeji, wali wa mchele wa Kyela ambao harufu yake ilikuwa imefika barabarani kabla yetu. Mchana watoto wakaanza mzunguko wao wa nyumba kwa nyumba. Hawaendi kuomba. Wanakwenda kuonekana. Wanasimama mlangoni, wanaamkia "Shikamoo," wenye nyumba wanawageuza huku na huku, wanasifia fundo la nyuma, wanawapa kipande cha mkate na soda ya kugawana. Wa kwetu walirudi magharibi, na yule mdogo alikuwa amebebwa mgongoni na wa miaka 11, amelala, marinda yake yameloa tope hadi goti.

Ijumaa, 26 Desemba. Boxing Day

Ni sikukuu ya Stefano, shahidi wa kwanza. Mama alitoka chumbani amejifunga kitenge changu chekundu, kipande kizima, na kilemba chake. Hakusema kitu, akapita kwenda kuchota maji. Kilichobaki ameshakigawa kwa shangazi wawili.

Kesho naondoka. Leo ni siku ya kufua. Mama anakwangua tope lililokauka kwa ubapa wa kisu kabla hajalowesha, kwa kuwa ukililowesha bichi linaingia kwenye uzi na kukaa. Pindo la gauni la mdogo limebaki na kivuli cha kahawia, amelipaka sabuni ya mche, amelirudisha kwenye beseni. Mishipi ameifua peke yake, kwenye karai lake, na maji yametoka pinki. Ameianika kwenye kamba ya upande wa jikoni, mbali. Magauni ameyaanika upande wa migomba, matano, mdogo hadi mkubwa.

Rungwe imeonekana saa nne, kwa mara ya kwanza tangu nije, kisha wingu likaanza kushuka kutoka kileleni. Mama amelitazama, akaangalia kamba, akaita watoto wote kwa majina. Tumekimbia.